Nimeandika maneno yasiyo na wa kuyapinga, na dada yangu amekataa kutia saini

Assalaam alaykum Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Wete, umri wangu ni miaka arubaini na kitu. Naomba jina langu lisitoke, na kijiji liliko shamba sikitaji, kwa sababu Pemba ni ndogo na wanaosoma safu hii ndio hao hao wanaotujua.

Baba yetu amefariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ameacha wake wawili na watoto tisa. Mama yangu ndiye Bi Mkubwa, na kwake tuko watano. Bi Mdogo ana wanne. Baada ya arubaini, wazee walikaa barazani wakasema paandikwe karatasi ya mali aliyoacha marehemu, isomwe mbele ya watu wote, tutie saini, kisha ipelekwe kwenye Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ili kila mtu ajue fungu lake. Kalamu nikapewa mimi. Walisema mwalimu ndiye mwenye maneno mazuri.

Sasa Shangazi, nyumba yetu usiione hivi. Tangu uchaguzi wa 1995 baba na ami yangu walikuwa vyama mbalimbali, na miaka mingi hawakuzikana. Yaani msiba ukitokea huku, wa kule hawaji, na harusi vivyo hivyo. Sisi watoto tukakua tukipima maneno. Ami akipita tulikuwa tunajua la kusema: mvua imenyesha, changu wamepatikana, karafuu zimeanza kuchipua. Zaidi ya hapo ni kimya. Baada ya Maridhiano ya vyama hapa Zanzibar wakarudi kusalimiana, wakawa wanaswali pamoja, lakini ule mtindo wa kuzungumza yasiyo na ubishi ulibaki. Kwetu huo ndio umekuwa adabu.

Mali kubwa ni shamba la mikarafuu. Hapo ndipo penye tatizo. Ndugu zangu wa tumbo moja wanasema ni shamba la babu, baba alirithi. Upande wa Bi Mdogo wanasema wao walisikia kwa baba mwenyewe kwamba ni eka tatu, alizopewa na serikali baada ya Mapinduzi kama walivyopewa wengine. Ami yeye hasemi hili wala lile. Na upande wa chini wa shamba kuna mikarafuu thelathini na sita ambayo Bi Mdogo aliipanda mwenyewe zamani, wakati baba yuko Mombasa akitafuta maisha. Miche aliitafuta yeye, akaitilia maji yeye, akaizungushia makuti jua lisiiunguze. Hakuna anayekataa kwamba alipanda. Wanachokataa kaka zangu ni kwamba kupanda kunampa haki, maana shamba ni la mumewe.

Nilikaa na karatasi hiyo usiku baada ya usiku. Kila neno niliona lina mtu wa kulikataa. Nikiandika "shamba la babu", wale wanakasirika. Nikiandika "eka tatu", hawa wanakasirika. Mwisho nikaandika hivi: "Eneo ambalo marehemu alikuwa akilitumia, pamoja na miti iliyomo, litashughulikiwa na wahusika kwa mujibu wa taratibu."

Siku ya kusoma, wanaume tulikuwa barazani, wanawake ndani, na wajane wote wawili wako eda. Nikasoma. Ami akasema, "Hapa umeandika, mwalimu. Hapana pa kushika." Kaka zangu wakaitikia. Nilihisi mzigo umenishuka. Basi dada yangu, mtoto mkubwa wa Bi Mdogo, akaja mlangoni, hakupandisha sauti wala nini, akaniuliza, "Kaka, mama yangu yuko wapi humu?" Sikuwa na jawabu. Akarudi ndani. Tangu siku hiyo tunasalimiana, chakula analeta, lakini saini hatii.

Ami anasema nisiiguse karatasi. Mama yangu anasema nisiyaamshe yaliyolala. Kaka yangu mkubwa amenipigia simu na kuniambia nikimtaja Bi Mdogo humo nitakuwa nimewauza. Na msimu wa karafuu unakaribia, mtu anayetaka kukodi mikarafuu keshaanza kuja kuuliza azungumze na nani.

Shangazi, mimi nataka amani tu. Nimetafuta maneno ambayo hayamuudhi mtu na nimeyapata. Je, niyaache kama yalivyo, au niandike la Bi Mdogo nione nyumba inapasuka tena?

Mshika kalamu, Wete

*

Waalaykum salaam mwanangu,

Mwenyezi Mungu amlaze baba yenu pema, na awape subira wajane wake wawili. Barua yako nimeisoma polepole, kwa sababu niliona mtu aliyelelewa kwenye nyumba ambayo neno moja liliweza kuvunja maziko. Mtu wa namna hiyo akiogopa maneno, hana haja ya kuona haya. Wengi wa rika lako Pemba walikua hivyo hivyo, wakijua duka gani wanunue na duka gani wapite, na wazee waliokuwa wakila sinia moja wakawa hawatazamani. Kupima maneno kuliziokoa nyumba nyingi wakati ule.

Kwa ninavyokuelewa, unataka karatasi ambayo watu wote tisa, wajane wawili na ami wataisikiliza bila ya mtu kuinuka. Umeipata karibu yote, na aliyekataa ni mmoja tu. Sasa unajiuliza kama huyo mmoja anastahili kuhatarisha wengine wote. Ndivyo?

Kabla hatujafika kwenye la kufanya, niruhusu niulize mambo mawili matatu, kwa mapenzi tu.

Unasema maneno yako hayamuudhi mtu. Hebu tuangalie kila mmoja ameyapendea nini. Ami yako kafurahi. Katika mirathi ya baba yenu ami hana fungu, kwa sababu marehemu ameacha watoto wa kiume. Lakini katika mirathi ya babu yenu ami ni mtoto kama baba yenu alivyokuwa. Ikiwa shamba lile ni la babu na halikuwahi kugawiwa, ami ana lake humo. Neno "eneo" linamwachia mlango wazi bila ya yeye kusema chochote. Simlaumu, huenda ana haki kamili. Kaka zako nao wamefurahi, kwa sababu "miti iliyomo" inaitia mikarafuu ya Bi Mdogo ndani ya tirka, yaani mali aliyoacha marehemu, igawiwe pamoja na mingine.

Na wewe unayajua mafungu. Mume akiacha watoto, mke anapata thumuni, yaani sehemu moja ya nane. Wake wakiwa wawili wanagawana thumuni hiyo hiyo moja, kila mmoja sehemu moja ya kumi na sita. Kwa maneno uliyoandika, mwanamke aliyepanda mikarafuu thelathini na sita anarudishiwa sehemu moja ya kumi na sita ya mikarafuu hiyo, na sehemu nyengine kama hiyo anapata mama yako, na iliyobaki mnagawana watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja. Ikionekana kwamba miti ni yake, basi inatoka kando kabla ya kugawa, kama linavyotoka deni, na haihesabiwi kabisa. Huku kwetu mti na ardhi vimezoeleka tangu zamani kuwa vinaweza kuwa na wenyewe mbalimbali, kwa hiyo swali lake si la kupuuzwa hata kama ardhi ni ya mwengine. Sisemi kwamba ni yake. Huenda alipanda kwa niaba ya mumewe, huenda alimpa, huenda waliafikiana jambo ambalo sisi hatulijui. Hilo ni la wenye elimu ya sheria na mashahidi. Ninachokuonesha ni kwamba maneno yako, ambayo wewe uliyaona hayana upande, yana upande, na kwa bahati mbaya ni upande wa mama yako. Najua hukukusudia. Dada yako pia nadhani anajua, ndiyo maana alikuuliza kwa upole.

Jambo la pili ndilo lililonifanya niisome barua yako mara nyengine. Umeandika mwenyewe: "Hakuna anayekataa kwamba alipanda." Hakuna! Kaka zako hawakatai, ami hakatai, wewe hukatai. Kwa hiyo kwenye habari yote ya shamba hili, yenye mabishano kuhusu babu na serikali, jambo lisilo na ubishi hata kidogo ni hilo la miche ya Bi Mdogo, na ndilo ulilolitoa. Ukaacha lililokubaliwa na wote, ukaandika lisilosema kitu. Naelewa kwa nini. Uliogopa kinachofuata baada ya jambo hilo kutajwa. Lakini mtu anaweza kusema kilichotokea bila ya kusema kinachostahili kufuata. "Upande wa chini pana mikarafuu thelathini na sita, iliyopandwa na mke mdogo wa marehemu wakati marehemu yuko Mombasa." Sentensi hiyo haimpi mtu hata mti mmoja. Inaeleza tu kile ambacho kila mtu barazani pale anakijua.

Nataka pia ukumbuke ni miaka gani ile. Kama ni wakati ninaoufikiria, karafuu ilikuwa imeporomoka. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu kwa ajili ya sigara zao, ilianza kujitosheleza kwa mashamba yake, bei ikaanguka, na watu wengi Pemba wakaiacha mikarafuu imezwe na magugu wakakimbilia Mombasa, Tanga na kwengineko. Mkarafuu hauzai mpaka upite miaka sita, saba, hata minane. Mwanamke aliyebaki na watoto wadogo, mume yuko ng'ambo, akapanda miche wakati ambao karafuu hailipi, alikuwa na imani kubwa sana na shamba lile. Mimi nikiwa binti yake, hata nisingekuwa na habari ya fungu wala bei, ningetaka hilo litajwe likisomwa jina la baba yangu. Huenda dada yako hataki zaidi ya hilo. Au huenda anataka miti. Hujui, na mimi sijui, kwa sababu katika barua yote sioni mahali ulipokaa naye ukamuuliza.

Wala sioni mahali alipoulizwa Bi Mdogo. Yuko eda, na eda ni miezi minne na siku kumi, arubaini imepita katikati yake. Watu wameijadili mikarafuu yake barazani naye yuko nyuma ya mlango, katika hali ambayo dini yenyewe imemtaka atulie. Hilo nalisema kwa uchungu kidogo, nisamehe. Eda haimzuii mtu kuulizwa mali yake.

Haya, njia ulizonazo. Nitazisema kama ninavyoziona, uzipime wewe unayewajua watu wako.

Unaweza kuiacha karatasi ilivyo na kumsubiri dada achoke. Watu wengi wangefanya hivyo, na pengine kwa mwaka huu utapata utulivu. Hatari yake ni kwamba huko ofisini hawatagawa "eneo ambalo marehemu alikuwa akilitumia". Watauliza lina ukubwa gani, limepatikanaje, hati iko wapi, nani shahidi. Kama ni eka tatu, ardhi ile ilitoka serikalini na hati yake ina masharti yake, si sawa na ardhi ya kurithi. Kama ni ya babu, wataulizwa warithi wa babu. Kwa vyovyote maswali uliyoyakwepa barazani utakutana nayo mezani kwa watu, na hapo hayataulizwa kwa adabu ya nyumbani kwenu.

Unaweza kuandika upya kwa kutaja yanayoonekana na kuhesabika: mipaka ni ipi, mikarafuu mingapi juu na mingapi chini, minazi mingapi, nani alipanda ipi na nani alikuwepo. Kisha, pale penye mvutano, uandike kwamba pana mvutano. "Baadhi ya warithi wanaeleza kuwa shamba ni la urithi wa babu. Wengine wanaeleza kuwa marehemu alipewa na serikali." Hapo hujamhukumu mtu, umeandika tu kwamba watu wamesema. Mimi, ukiniuliza moyo wangu, huu ndio uandishi ninaouamini, kwa sababu kila mtu akisomewa anajikuta yumo. Lakini sitakudanganya: kaka yako mkubwa amekwisha kusema utakuwa umewauza. Mtu aliyesema neno hilo kwenye simu hataliacha kwa sababu sentensi yako ni nzuri. Inaweza kukugharimu uhusiano wako naye kwa muda, na mama yako anaweza kuumia akiona wanawe hawasemeshani. Hilo ni zito, na wewe ndiye utakayelibeba, si mimi.

Kama utaelekea huko, pengine kaka asikutane na maneno hayo barazani mbele ya watu. Msomee yeye kwanza, peke yake. Muulize ni neno gani kati ya haya ni la uongo. Akikuonesha la uongo, lifute. Akikwambia yote ni kweli ila hayataki, angalau mtajua nyote wawili mnazungumza nini.

Njia nyengine ni kuutenganisha msimu na umiliki, kwa sababu naona mkodishwaji ndiye anayewakimbiza. Karatasi ya msimu huu inaweza kuwa fupi: nani atasimamia uchumaji, karafuu za juu zianikwe na kupimwa mbali na za chini, zikiuzwa Shirika la Biashara la Taifa stakabadhi zihifadhiwe, na fedha zisiguswe na mtu mpaka mirathi iishe. Hilo linawapa nafasi mpaka wajane watoke eda na wazungumze wenyewe. Ubaya wake ni kwamba mambo ya muda kwetu yana tabia ya kukaa, na msimu mmoja ukawa mitatu. Tena kuna wenye shida ya pesa sasa hivi miongoni mwa hao tisa, hawatapenda kuambiwa wasubiri.

Na unaweza kuirudisha kalamu. Wewe ni mtoto wa Bi Mkubwa, una fungu lako na la mama yako ndani ya karatasi hii. Ukisema, "Wazee, nimejitahidi, lakini mimi ni mrithi, naomba aandike mtu asiye na fungu," hakuna atakayekuona umekimbia, na kama atakuwepo basi atanyamaza akifikiri vizuri. Kuna makadhi, kuna maofisa wa Kamisheni, kuna wazee wa msikiti wenu wasio na nasaba nanyi. Tatizo ni kwamba mgeni hajui habari ya makuti na maji ya kutilia miche. Atakayeijua ni nani kama wewe umekaa kando? Kwa hiyo hata ukiirudisha kalamu, huenda bado ukatakiwa kuwa shahidi, na ushahidi ni mgumu kuliko kuandika.

Mama yako amekwambia usiyaamshe yaliyolala. Ninamheshimu, amepitia yale ya 1995 na yaliyofuata kwa mwili wake. Lakini nadhani hofu hiyo imechanganya vitu viwili. Mnakumbuka kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, tulipoulizwa kama tunataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa? Asilimia 66.4 walikubali, na 33.6 walikataa. Matokeo yalitangazwa hivyo hivyo, waliokataa wakahesabiwa na kutajwa, na bado watu wakazikana na kuoana baada ya hapo. Hakuna aliyelazimika kuandika kwamba sote tuliridhia. Ninyi pia pengine mnaweza kuwa na karatasi inayosema ndugu hawajaafikiana juu ya jambo fulani, na jioni mkala pamoja. Baba yenu na ami walirudi kusalimiana ingawa sijui kama waliwahi kuafikiana kuhusu siasa. Wewe uliyekuwepo utajua.

Usiandike chochote wiki hii. Mwombe dada yako akuingize kwa Bi Mdogo, ukae naye kama mtoto wake, kwa sababu ni mtoto wake, na umuulize mambo mepesi: miche aliitoa wapi, alianza na mingapi, baba aliporudi kutoka Mombasa akaiona alimwambia nini. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko unavyodhani, maana kama marehemu alitamka neno juu ya miti ile mbele ya mtu, kadhi atataka kulisikia. Kama yupo jirani aliyeshuhudia, liandike jina lake kabla na yeye hajatutoka. Mama yako pia muulize, bila ya kaka zako kuwepo. Wake wenza waliokaa miaka yote hiyo wanajuana mambo ambayo watoto wao hawayajui, na usishangae ukimkuta Bi Mkubwa ana neno la kumsemea mwenzake.

Dada anayekuletea chakula bado hajafunga mlango. Nenda kabla mkodishwaji hajaja tena, kisha uniandikie walichosema.

Shangazi yako